Si kila tumbo kuwaka ni pilipili

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Huku mtaani mtu akilalamika chembe ya moyo inamuwaka anaambiwa tu acha maharage na pilipili, anakimbilia duka la dawa anapewa magnesiamu za kutafuna, kesho maumivu yako palepale. Jamani, tangu 1982 madaktari Marshall na Warren kule Australia waligundua bakteria Helicobacter pylori, wakapata tuzo ya Nobel 2005; bakteria huyo ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, pamoja na hizi dawa za maumivu, diklofenaki, tunazozimeza kama karanga. Kipimo cha choo kipo, dozi ya antibayotiki na omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni inatibu, ila umalize. Ukiona choo cheusi tii kinachonata au unatapika damu, hospitali usiku huohuo.

Msomaji wenu, Mbagala