Barua ya malalamiko: shafti mpya, flanji si zake

Kwa Meneja wa Gereji na Mauzo,
Industrial Area,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: FLANJI ZISIZOLINGANA NA SHAFTI MLIZONIFUNGIA

Mimi ni mteja wenu mwenye Land Rover Defender 90 ya mwaka 1990, ile ya kijani iliyolala kwenye gereji yenu siku nne. Nililipa shilingi 148,000 ili ekseli ya nyuma iimarishwe. Nimewapigia simu mara tatu, na kila mara jibu ni lile lile: flanji, kile kipande kinachounganisha shafti na gurudumu, ni kitu cha kuchakaa, dhamana haiigusi. Ndiyo maana leo naandika.

Upande wa difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, sina ugomvi nanyi. Gari la umri huo lilitoka kiwandani na shafti (fimbo za chuma zinazozungusha magurudumu) za meno 10 pale zinapoingia kwenye difu, na Land Rover wenyewe walihamia meno 24 katikati ya miaka ya 1990. Kijana wenu wa kaunta alinishauri tuweke difu ya meno 24 na shafti mpya ngumu, nikakubali, na kazi hiyo mliifanya vizuri. Tatizo liko upande wa pili, pale shafti inapopenya kwenye flanji na flanji kubanwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa bolti tano. Shafti zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, flanji zikatoka rafu nyingine. Fundi aliona meno yanaingia, akafunga.

Meno kuingia hakutoshi. Flanji hizo nimezifungua na sasa ziko mbele yangu juu ya gazeti. Kwenye ile ya kushoto, sehemu ya ndani meno yamelika hadi yamekuwa membamba kama wembe, yanang'aa. Sehemu ya nje bado ina rangi nyeusi ya kiwandani, haijaguswa na kitu. Nimepima: meno ya flanji yana urefu wa milimita 30, na shafti ilikuwa imeshika 14 tu. Nguvu yote ya gurudumu ilikuwa ikipita kwenye chini ya nusu ya meno, tena yenye mwanya. Kila nikikanyaga mafuta na kuachilia, chuma kiligonga chuma. Wiki ya nne baada ya kazi yenu niliona unga mwekundu kwenye ukingo wa kifuniko cha mpira cha habu, nikawapigia. Mliniambia ni vumbi la Rongai. Ule ulikuwa chuma kinachosagana kikavu, na fundi yeyote wa Land Rover anaujua.

Wiki ya sita nilimpeleka mama yangu, mwenye miaka 71, kwenye chemchemi za maji moto za Magadi kwa ajili ya miguu yake. Tulipokuwa tukirudi, tukipanda kuelekea Kona Baridi, juu ya lami, hakuna jiwe wala tope, injini ikanguruma na gari likasimama: meno ya flanji ya kushoto yalikuwa yameisha. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama alikaa ndani na shuka lake huku malori yakitupita karibu na kioo. Bahati ni kwamba kwenye ekseli hii gurudumu hukaa kwenye habu hata shafti isipofanya kazi, na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inaweza kufungwa. Nikaifunga, magurudumu ya mbele yakatuvuta polepole hadi Kiserian. Asiyejua hilo angelala pale.

Msimamizi wenu ameniambia kwamba heri flanji ife kuliko shafti. Hilo ni kweli, na mimi pia napenda iwe hivyo: flanji ni ya bei nafuu, na mtu anaibadilisha kando ya barabara kwa zana chache. Lakini flanji ya namna hiyo hufa kwa mzigo mzito, ikiwa imeshikwa kwa urefu wake wote. Hii ilikufa kwa wiki sita za barabara ya kawaida kwa sababu haikuwa ya shafti hiyo. Aliyeniuzia vyote viwili ni ninyi, na aliyefunga ni ninyi. Nilieleza kaunta gari ni la nini na njia zipi, na mkachagua vifaa kwa niaba yangu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamlinda mnunuzi wa namna hiyo, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa.

Naomba flanji mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya shafti hizo hizo, zikifungwa nikiwa nimesimama hapo na kina ambacho shafti inaingia kwenye flanji kikipimwa mbele yangu. Kabla ya hapo meno ya shafti zenyewe yakaguliwe, maana shafti iliyokwaruzwa itaila flanji mpya vile vile. Ikiwa imeumia, ibadilishwe. Ile ya kulia pia, ingawa haijakatika: alama zake ni zile zile. Nataka pia gharama ya ufundi nirudishiwe.

Nipeni jibu la maandishi ndani ya siku 14. Msipojibu, nitapeleka malalamiko haya mahakamani pamoja na risiti na picha. Flanji zote mbili nimezihifadhi bila kuzisafisha, na unga wake mwekundu bado umo. Nitazileta siku mtakayonipangia.

Wenu mwaminifu,
Mwenye Defender 90 ya kijani