Silinda hedi za L28: chapa peke yake haitoshi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari umekuwa ukirudia ushauri kwamba mwenye Datsun 240Z au 280Z anayetaka nguvu zaidi atafute silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) yenye chapa E31, yaani herufi na namba zilizo kwenye hedi yenyewe, kwa kuwa chemba zake, pale mafuta yanapowakia, ni ndogo na kompresheni, yaani kiwango cha kubanwa kwa mchanganyiko wa hewa na mafuta, hupanda. Ushauri huo si uongo, ila umeishia njiani, na pale ulipoishia ndipo pistoni hutobokea. Hedi haichaguliwi kwa chapa. Kwanza unajua ni pistoni gani zimelala kwenye bloku na mafuta ya oktani (uwezo wa kutolipuka ovyo) ngapi yatatiwa tangini, ndipo unatafuta hedi.

Injini za Nissan za familia ya L zenye silinda sita, L24, L26 na L28, hupokea hedi za wenzao bila ugomvi. Bolti zinaingia, cheni inafika, na fundi anadhani kazi imekwisha. Lakini tofauti zilizofichika ndani ni kubwa. E31, ya 240Z za 1970 na 1971, ina chemba ya karibu cc 42.4, valvu za inteki (za kuingiza mchanganyiko) za mm 42 na za ekzosi (za kutoa moshi) za mm 33. E88 iliyofuata ilitoka kwa matoleo zaidi ya moja yenye chemba tofauti, kwa hiyo chapa yake haikuambii mengi mpaka uipime. N42, ya 280Z za 1975 na 1976, ina chemba ya karibu cc 44.6 na valvu kubwa zaidi, mm 44 na mm 35. N47 ya 280Z za mwisho inafanana nayo, ila matundu yake ya ekzosi ni ya duara na yamevishwa laina (bitana) za chuma ili moshi utoke ukiwa bado moto. Jihadhari hapo: kuna N47 nyingine iliyofungwa kwenye Maxima yenye L24, na chemba zake ni tofauti kabisa. P79 ya 280ZX na P90 ya 280ZX yenye tabo zote zina chemba ya karibu cc 53.6. P79 ina laina za ekzosi, P90 haina. P90A ni ya lifta za haidroliki, zinazorekebisha nafasi ya valvu zenyewe kwa oili. Chapa husomeka upande wa plagi.

Sasa hesabu. L28 ina kipenyo cha mm 86 na stroki (mwendo wa pistoni) ya mm 79, hivyo kila silinda inafagia cc 458.9. Tuseme gasketi ikishabanwa ina unene wa mm 1.2 na tundu la mm 88: hiyo ni cc 7.3. Pistoni bapa za bloku yenye chapa F54 (bloku nazo zina chapa zake) huchomoza kidogo juu ya uso wa bloku; tukichukua mm 0.5 tunatoa cc 2.9. Ukiweka N42 juu yake, nafasi inayobaki ni 44.6 + 7.3 − 2.9, yaani cc 49. Jumlisha 458.9 na 49, gawanya kwa 49: kompresheni ni karibu 10.4 kwa 1. Weka P90 kwenye bloku ile ile, inashuka hadi 8.9. Weka E31, inafika 10.8. Lakini pistoni zikiwa zile zenye bakuli la karibu cc 10.9 za bloku yenye chapa N42, E31 inakupa 9 tu, na hedi ya N42 karibu 8.7. Hedi ile ile ni baraka kwenye bloku moja na balaa kwenye nyingine.

Balaa lenyewe si namba peke yake. Chemba ya N42 iko wazi pande zote, haina ule ubapa unaokaribiana na pistoni na kuusukuma mchanganyiko uelekee kwenye plagi. Kwa hiyo ikifika 10 na zaidi kwa mafuta ya kawaida ya kituoni, injini hugonga mapema (mafuta hulipuka ovyo ndani ya silinda) ikipanda mlima kwa gia kubwa. Dereva hurudisha taimingi ya cheche nyuma ili kugonga kukome, na nguvu aliyoinunua inapotelea hapo hapo. P79 na P90 zina ubapa huo, ndiyo maana hustahimili kompresheni kubwa kuliko watu wanavyozidhania. Kwa gari la kutembelea lenye pistoni bapa, sioni sababu ya kuiondoa P90 iliyo nzima ili kuweka E31. E31 juu ya L28 ina kasoro nyingine: ilichongwa kwa silinda ya mm 83, kwa hiyo kingo za chemba huning'inia ndani ya silinda ya mm 86. Kingo hizo huwa nyekundu kwa joto na kuwasha mafuta kabla ya cheche. Zisuguliwe mpaka zifuate mstari wa gasketi, na kila unachosugua kinaongeza ujazo, basi pima upya.

Kinyume chake nacho kipo. Ukipandisha hedi yenye valvu za mm 44 na mm 35 kwenye L24, valvu inakuwa karibu mno na ukuta wa silinda, hasa ukiweka kamshafti (mhimili unaofungua valvu) inayozinyanyua valvu juu zaidi. Bandika plastisini kwenye pistoni na ukingoni mwa silinda, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili, kisha fungua ukate plastisini uone ilipobaki nyembamba. Nayo P90 ikiwekwa kwenye L24 bila kuchongwa, kompresheni huanguka chini ya 8, na gari linakuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kupima chemba hakuhitaji mashine. Funga valvu na plagi zitakazotumika, laza hedi chali ikiwa imeinama kidogo, paka grisi nyembamba kuzunguka chemba na ufunike kwa kioo cha plastiki kilichotobolewa tundu dogo upande wa juu. Jaza spiriti yenye rangi kwa bomba la sirinji lenye vipimo mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Fanya hivyo kwa chemba zote sita. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu cc, sawazisha kwa kuzipanua zile ndogo.

Kuchonga hedi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kila unachoondoa chini kinaisogeza kamshafti karibu na krankshafti, cheni inalegea, na taimingi ya valvu inachelewa. Sproketi (gia ya cheni) ya kamshafti ina matundu matatu, na kila tundu hurudisha digrii 4 za krankshafti. Hiyo inatosha kwa uchongaji mdogo na cheni iliyochoka kidogo. Wanaochonga P90 mm 2 ili kupandisha kompresheni huinua stendi za kamshafti (nguzo zinazoishikilia) kwa vipande vya unene huo huo, vilivyotobolewa mahali pa kupitisha oili. Hapo roka (mkono unaosukuma valvu) haikai tena katikati ya pedi yake, na vile vikofia vinavyokaa juu ya shina la valvu lazima viwe vinene zaidi. Paka wino kwenye roka, zungusha, tazama alama: ikiangukia pembeni, kamshafti italika.

Hedi iliyopinda ina mtego wake. Ikipinda chini, na mstari wa stendi juu umepinda. Ukichonga chini tu, gasketi itakaa vizuri huku kamshafti ikibana. Toa roka zote, zungusha kamshafti kwa vidole. Ikikaza mahali, hedi inyooshwe kwanza ndipo ichongwe. Kitabu cha kiwanda kinaweka kikomo cha kupinda kuwa mm 0.1. Stendi usizifungue ovyo, zilitobolewa zikiwa zimefungwa pamoja.

Jambo la oili husahaulika zaidi. Baadhi ya kamshafti zina matundu na hupitisha oili ndani. Nyingine hutegemea bomba la kunyunyizia lililo juu yake. Ukichanganya kamshafti isiyo na matundu na hedi isiyo na bomba, lobu (vinundu vya kamshafti vinavyosukuma roka) zitaisha mapema sana. Angalia pia inteki: hedi za injini za sindano (zinazonyunyiziwa mafuta badala ya kutumia kabureta) zimekatwa nafasi za nozeli, E31 na E88 hazina. Na manifoldi ya ekzosi ya matundu ya mraba ikifungwa kwenye hedi ya duara yenye laina hulazimisha moshi kugonga ukuta, na gasketi yake huungua.

Kabla ya kutoa sproketi, sukuma kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni ili tenshena (kikaza cheni) isichomoke. Ikichomoka, utalazimika kufungua kifuniko cha mbele. Valvu zikiwa baridi, weka nafasi ya mm 0.20 kwa inteki na mm 0.25 kwa ekzosi. Injini ikishapata joto rudia, safari hii 0.25 na 0.30.

Mdau wa injini za zamani