Ukumbi wa mtaa uchorwe na bustani yake kabla zege halijamwagwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikereketa na muda wake ndo huu. Mtaani kwetu huku Temeke tunachangishana tujenge ukumbi wa mtaa, kiwanja kipo, tofali tumeshaanza kufyatua, na kwenye kikao cha mwisho kinamama wakaomba iwepo na bustani ya mboga hapohapo wakajibiwa bustani itakuja baadaye, tumalize jengo kwanza. Mi ni fundi ujenzi wa miaka zaidi ya ishirini, nawaambia ndugu zangu haiji baadaye.

Nasema nilichokiona. Kuna jengo moja silitaji, nilikuwepo tunalijenga, lina slabu juu, yaani paa bapa la zege, baada ya muda wakapandisha udongo wakapiga matuta ya mchicha na sukuma wiki, ikapendeza kweli. Masika ya kwanza dari ikaanza kuchora ramani za kahawia, masika ya pili plasta inadondoka vipande na ukitazama juu unaona nondo imeshika kutu, ikabidi udongo wote ushushwe kwa ndoo, nami nilikuwa kwenye ule mstari wa kupokezana ndoo. Waliopanda mboga hawana kosa. Ile slabu haikupigiwa hesabu ya udongo tangu mwanzo. Tuta la kina cha sentimita 30 likilowa lina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita moja ya mraba, yaani mifuko kumi ya simenti umeipanga hapo na haiondoki usiku wala mchana. Injinia akiambiwa mapema anaongeza nondo na unene, anaweka mteremko, dawa ya kuzuia maji na kokoto za kupitisha maji chini ya udongo. Ukimwambia jengo limeshaisha atafanya nini?

Sisi hata slabu hatuna haja nayo, hela yenyewe ya kuunga. Tuezeke mabati, bustani ikae chini na ukutani, bati litupe maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na Dar kwa mwaka wa kawaida inapata zaidi ya milimita 1,000. Ukumbi wetu ni mita 20 kwa 10, toa yanayopotea hata sehemu moja ya tano, bado unabaki na lita 160,000, ndoo za lita ishirini elfu nane! Na hayo maji leo ofisi iliyopo haina hata gata la kukinga maji ya paa, mvua ikinyesha yanaanguka moja kwa moja yanachimba mfereji pembeni ya msingi mpaka tofali la chini linaonekana, huku mama lishe wa jirani ananunua maji ya ndoo.

Kwahiyo kwenye mchoro naomba gata ziwepo, paipu ya kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege, na tenki likae juu ya jukwaa ili maji yashuke yenyewe kwenye mipira ya matone bila pampu. Maji ya kunawia mikono yaende kwenye migomba. Ukuta wa magharibi ule unaopigwa na jua la alasiri tuupandishie pasheni, ndani kutapoa na watoto watapata matunda. Na kwenye baraza kuwe na sehemu ya magunia, lile gunia la kutoboa pembeni lenye nguzo ya mawe katikati ya kushusha maji, kama wanavyopanda Kibera kule Nairobi. Ila udongo tusiuchote bonde la Msimbazi, kule mboga zimeshapimwa zikakutwa na madini mazito yenye sumu.

Wapo wanaosema kilimo ni cha shamba, mjini ni uchafu. Nchi hii ina kanuni za kilimo cha mjini tangu 1992, Nairobi nao wana sheria yao ya kaunti ya 2015. Singapore ambako ardhi ni ya kugombania kuna jengo linaitwa Kampung Admiralty, neno kampung kwa Kimalay ni kijiji, chini kuna uwanja wa watu kukutana, katikati kliniki, kuna nyumba za wazee na juu kabisa bustani wanayolima wakazi wenyewe, na 2018 lilichaguliwa jengo bora la mwaka duniani. Hela zao hatuna, ila lile wazo la kuchora mboga na watu kwenye karatasi moja halihitaji hela.

Mkutano wa mtaa ni Jumapili hii saa nne. Nitakuja na tepu yangu na mchoro niliouchora kwa mkono, namwomba mwenyekiti anipe dakika kumi kabla hatujapitisha bajeti, na kinamama walioomba bustani wakae mbele waseme wenyewe tenki likae wapi, maana ndo watakaochota.

Fundi ujenzi,
Temeke, Dar es Salaam