Beseni limejaa, damu atatoa nani?

Mhariri,

Wasomaji wako wamekuwa wakibishana kuhusu kujifungulia nyumbani na kujifungulia hospitali. Wapo wanaowalaumu wajawazito kwa uzembe, na wapo wanaowalaumu manesi kwa ukali. Mimi ni mkunga mstaafu wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, na nadhani pande zote mbili zimeliruka jambo kubwa zaidi: wanawake wengi niliowaona wamejifungulia nyumbani walikuwa wamekusudia kabisa kwenda kituoni. Uchungu uliwakuta mahali ambapo hakuna aliyefikiria watatokaje.

Muulize mjamzito amejiandaaje, atakuonyesha beseni. Ndani kuna doti za khanga, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, glavu, mpira wa kulalia, sabuni na nguo za mtoto. Mume akishakamilisha orodha hiyo anaona wajibu wake umekwisha. Sivibezi vitu hivi. Sera ya afya ya Tanzania ya mwaka 2007 ilisema huduma kwa wajawazito ni bure, lakini sisi tuliofanya kazi zahanati tunajua kuna siku boksi la glavu linabaki tupu na mama yuko mlangoni. Nunueni. Ila beseni sasa limekuwa ndio mpango wenyewe, na wakati mwingine linageuka kuwa kizuizi. Nilipata kumkuta binti wa mimba ya kwanza amekaa nje ya uzio wa kituo, ameshika nguzo, jasho linamtoka, njia ya uzazi ikiwa karibu kufunguka yote.

"Mwanangu, unangoja nini hapa?"

"Nesi, mama mkwe ameenda kutafuta glavu. Tuliambiwa tusije mikono mitupu."

Jozi chache za glavu zingeweza kumgharimu mtoto.

Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalioni. Mpunga hulimwa mbali na kijiji. Mvua zikianza familia inahamia shambani, inajenga dungu, na inakaa huko kupalilia na kuamia ndege mpaka mavuno. Masika yakikolea, mwezi wa tatu hadi wa tano, bonde linajaa maji. Njia ambayo mwezi wa kumi na mbili pikipiki iliipita kwa nusu saa, mwezi wa nne hata trekta linakwama. Sasa hesabu mwanamke aliyepata mimba mwezi wa saba, baada ya mavuno, wakati nyumba ina hela na watu wamepumzika. Anatimiza miezi katikati ya maji. Kadi yake ya kliniki inasema atajifungulia hospitali ya wilaya kwa sababu mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Beseni lake limejaa. Yeye yuko dunguni, mume amevuka kwenda kutafuta mbolea, na simu haina mtandao mpaka upande juu ya kichuguu.

Kwa mwanamke huyo mpango ni tarehe ya kutoka shambani. Mwezi wa nane wa mimba ukiisha awe amesharudi kijijini, na kama ana kovu la upasuaji, mapacha, kimo kifupi, au aliwahi kutokwa damu nyingi, asiishie kijijini. Aende akakae kwa shangazi, kwa wifi, au katika nyumba ya wajawazito ya kusubiria uzazi kama ipo karibu na hospitali. Zahanati haifanyi upasuaji wala haiongezi damu. Kumwandikia mama wa namna hiyo "ajifungulie hospitali" bila kumuuliza atalala wapi na nani atampalilia mpunga wake ni kumdanganya. Na swali la mpunga ndilo zito kuliko yote. Wanaume wengi hukubali hospitali, ila hawako tayari kupoteza mikono miwili ya kupalilia kwa wiki nne. Hapo ndipo mama mkwe na mashemeji wanatakiwa kuitwa mapema, kila mtu aseme atachukua majaruba mangapi.

Halafu kuna damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi wazazi, na huweza kumwua mtu aliyekuwa mzima kabisa ndani ya saa chache. Utafiti uliofanyika Kigoma na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa hata wakunga wa jadi wanaweza kutumia khanga zilizoloa kukadiria damu iliyopotea. Khanga tunazo, tena mpya, lakini khanga hairudishi damu. Ni nani kati ya wasomaji wako aliyewahi kukaa na ndugu zake wakakubaliana nani atakwenda kutoa damu ikihitajika? Hospitali ikiishiwa akiba, ndugu ndio huulizwa, na usiku huo kila mmoja anakumbuka kuwa ana presha.

Naambiwa hali imekuwa nzuri, na ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81 ya uzazi ukifanyika katika vituo vya afya, kutoka asilimia 63 mwaka 2015–16. Mfumo wa m-mama nao umesaidia sana: unapiga 115 bila malipo, wanakutafutia gari la wagonjwa, na likikosekana wanamtuma dereva wa jamii ambaye mfumo ndio unamlipa. Namba hiyo iandikwe ukutani na kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, watoto wakiwemo. Lakini gari la m-mama halivuki majaruba yaliyofurika.

Kuhusu ukali wa manesi, sitawatetea wenzangu. Mwanamke aliyetukanwa kwenye uzazi wa kwanza atachelewa kwenye wa pili, makusudi, mpaka ajifungulie mikononi mwa mama yake, penye maji ya moto na uji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mzazi awe na mtu anayemtaka pembeni yake wakati wa uchungu. Vituo vyetu vingi vinamfukuza mtu huyo kwa kuwa chumba hakina mapazia. Mapazia ni vitambaa, Mhariri. Kamati ya kituo ikiamua, wiki ijayo yapo.

Ombi langu kwa halmashauri za bonde hili ni dogo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji wanajua dungu la kila familia. Waandike kila mjamzito atakayetimiza miezi wakati wa mafuriko, shamba alipo, nani atampokea kijijini au mjini, nani atatoa damu, na nani mwenye kauli mume asipokuwepo. Hilo la mwisho lisisahauliwe, kwani nimeona gari likingoja huku watu wakimtafuta baba wa nyumba kwa simu isiyopatikana. Orodha hiyo iwe tayari mwezi wa pili, kabla njia hazijakatika, na nakala ibaki kwa nesi wa zamu.

Mkunga mstaafu,
Ifakara