YAH: Malalamiko kuhusu matengenezo ya feni ya hewa ya gari langu

Njombe,
9 Julai.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Juni nilileta gari langu katika gereji yenu kwa sababu feni inayosukuma hewa ya joto na ya baridi ilikuwa inazunguka kwenye namba 4 tu, huku namba 1, 2 na 3 zikiwa kimya. Katika gari kama langu, umeme wa namba ya juu kabisa haupiti kwenye rezista, yaani kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole kwenye namba za chini, kwa hiyo dalili hiyo ilielekeza kwenye rezista moja kwa moja, nami nilimweleza fundi wenu bayana. Mliongeza gesi ya kiyoyozi na kunitoza shilingi 120,000. Gesi hupoza hewa, haizungushi feni.

Siku sita baadaye feni ilikufa kabisa, nikarudi. Fundi alikuta fyuzi imeungua, akaweka nyingine, nikaruhusiwa kuondoka bila mtu yeyote kupima feni inavuta umeme kiasi gani.

Jioni ya tarehe 27 Juni nilikuwa natoka Makambako na wanangu wawili, katika baridi na ukungu, ndipo feni ilipozima, kioo cha mbele kikajaa mvuke, na harufu ya plastiki inayoungua ikatokea chini ya dashibodi. Nilisimama kando ya barabara na kuchomoa waya wa betri, watoto wakilia.

Fundi mwingine alinionyesha soketi ya rezista iliyoyeyuka, mota iliyokuwa nzito hata kuizungusha kwa mkono, na chujio la hewa lililozibwa na vumbi, hali iliyoinyima rezista hewa ya kuipoza. Kisha akachomoa fyuzi yenu: ilikuwa ya ampea 40, mahali panapotakiwa ampea 30. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujaungua, na kuiongezea ukubwa ili isikatike ni kuhamishia moto kwenye waya. Hili ndilo siwezi kulinyamazia.

Naomba nirudishiwe malipo yote ya matengenezo hayo mawili, nilipwe gharama ya rezista na soketi, na nipewe maelezo ya maandishi ya nani aliidhinisha fyuzi hiyo. Aidha, naomba muwaite wateja wengine waliobadilishiwa fyuzi kwenu, magari yao yakaguliwe. Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Nimeambatanisha risiti zenu mbili na picha za soketi.

Mteja wenu.