Kwa mabinti wapiga kasia wa Kibirizi, Kigoma

Mwakeye wajukuu zangu,

Juzi jioni nilikuwa mwaloni pale wanapoanika dagaa nikawaona mnarudi kwenye mashindano, mmekuwa wa pili, mtumbwi mmeubwaga mchangani na mmoja wenu katupa kasia huku analia anasema yeye basi, majini harudi tena. Sikusema kitu maana mwenye hasira haambiliki, ila usiku usingizi ulinipaa.

Kuna dada wa Uingereza anaitwa Katherine Grainger. Huyo kasia kalishika akiwa chuo kikuu kule Edinburgh, siyo nyie mliozaliwa ziwa liko mlangoni. Akaenda Olimpiki ya Sydney 2000, akapata medali ya fedha, yaani wa pili. Athens 2004, fedha. Beijing 2008 ndo ilimuuma kuliko zote, boti yao ya watu wanne ilikuwa bingwa wa dunia na ilikuwa inaongoza, Wachina wakawapita mwishoni mwishoni, fedha tena, wakapanda jukwaani na medali shingoni huku machozi yanawatoka. Jamani, wa pili dunia nzima na analia! Kwa hiyo mwanangu uliyelia usione haya, machozi mimi simkatazi mtu, kasia ndo halitupwi.

Alirudi mazoezini miaka minne mingine. London 2012 akapanda boti ya wawili na Anna Watkins wakachukua dhahabu hukohuko kwao, ana miaka 36. Rio 2016 akaongeza fedha nyingine akiwa na 40. Na muda huo wote alikuwa anasoma, sheria, mpaka shahada ya udaktari kaipata, kwa hiyo anayetaka kuacha shule eti kwa ajili ya mashindano asije kuniomba baraka.

Wapo wanaowaambia ziwa siyo la wanawake. Mimi nikiwa binti nilishushwa kwenye mtumbwi wa uvuvi mbele za watu, wakasema mwanamke anafukuza samaki, wale migebuka, na mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma. Hata huko Olimpiki wanawake wameruhusiwa kupiga kasia mwaka 1976 tu, tena wakapewa mita 1000 wakati wanaume wanapiga 2000, mpaka 1988 ndo wakalingana. Kwa hiyo hayo maneno siyo ya hapa kwetu peke yake, msiyabebe kifuani.

Sasa la mtumbwi wenu. Niliwatazama vizuri sana. Wa tatu kutoka mbele analichovya kasia wenzake wameshaanza kuvuta, na ule mtumbwi unatikisika kila mara kwa sababu hiyo, nguvu mnazo ila zinapotea hapo. Halafu mnavuta kwa mikono peke yake. Wale wa boti za Olimpiki wanakaa wamegeukia nyuma, kiti kinateleza, nguvu inaanzia miguuni, nyie kiti cha kuteleza hamna lakini miguu mnayo, kanyageni mtumbwi, kiuno kifanye kazi, na muimbe ili wote mchovye pamoja. Na laifu jaketi mvae hata kama ziwa limetulia, upepo wa Tanganyika mnaujua, haupigi hodi.

Jumamosi alfajiri nitakuwa mwaloni. Lile kasia nimeliokota, nimeliegesha nyuma ya mlango wangu, mwenyewe aje alichukue.

Bibi yenu