Pikapu za Mtindo wa Zamani kwa Gitaa la Besi: Namba ya Ukinzani Haitoshi

Mteja anayetuletea gitaa la besi akitaka pikapu za mtindo wa zamani (tunazungumzia kifaa kinachonasa mtetemo chini ya nyuzi, si gari la mizigo) kwa kawaida huanza kwa kuuliza ukinzani wake, yaani kiasi ambacho waya wake huuzuia umeme, ni kilo-omu ngapi. Tunamwelewa, kwa kuwa namba hiyo huandikwa kwenye boksi na ni rahisi kuilinganisha, lakini haisemi mengi kuhusu sauti.

Ukinzani hutokana na urefu na unene wa waya wa shaba uliozungushwa. Pikapu mbili zenye mizunguko sawa hutofautiana kwa namba iwapo moja imezungushiwa waya mwembamba zaidi, ilhali nguvu ya sauti yake hubaki karibu ileile. Hata hali ya hewa huingilia: joto likipanda kwa nyuzijoto 10 za Selsiasi, ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 4, hivyo pikapu iliyosoma kilo-omu 10.5 asubuhi ya baridi yaweza kusoma 10.9 mchana.

Swali lenye faida ni hili: ni zamani ipi unayoitaka? Precision Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender, ilitoka mwaka 1951 ikiwa na pikapu ya koili moja (fungu moja la waya uliozungushwa), ambayo hunasa pia mvumo wa umeme. Mwaka 1957 ilipewa koili iliyogawanywa mara mbili, kila nusu ikisikiliza nyuzi mbili, na nusu hizo hufutiana mvumo. Jazz Bass, besi nyingine ya Fender iliyofuata mwaka 1960, ina pikapu mbili za koili moja, nazo hufutiana mvumo pale vitufe vya sauti vya zote mbili vinapofunguliwa kwa kiwango sawa.

Mtego mkubwa uko kwenye hiyo ya mwisho, hasa kwa anayebadilisha pikapu moja tu. Mpya isipooana na ile iliyobaki, yaani mawimbi yao yakienda kinyume, sauti za chini hupotea mara zote mbili zinapofunguliwa pamoja, na besi hulia nyembamba kama redio ndogo. Kubadilishana nyaya mbili za pikapu hiyo hurudisha sauti nene, lakini ikiwa ncha za sumaku zinaelekea upande mmoja katika pikapu zote mbili, mvumo utabaki. Ndiyo maana tunapima uelekeo wa sumaku kabla ya kuagiza, na tunapima kwa rula pia, kwa sababu katika Jazz Bass nyingi pikapu ya karibu na daraja (sehemu ya mwilini inayoshikilia nyuzi) ni ndefu kuliko ya shingoni kwa takriban milimita 3.

Kuhusu sumaku, alniko 5 (alniko ni aloi ya alumini, nikeli na kobalti) ndiyo chaguo letu la kawaida; alniko 2 ina nguvu ndogo na mlio laini zaidi. Anayetumia nyuzi bapa, zenye mlio wa kiza tayari, huenda asiihitaji alniko 2 kabisa.

Kabla ya kutulipa, tunakuomba ujaribu kushusha pikapu ulizo nazo kwa milimita moja au mbili. Sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi, noti ikayumba, na tumewahi kumrudishia mteja gitaa lake na pikapu zilezile baada ya kugeuza skrubu nne tu.